Bi Harusi, Usilifiche Jino Bovu

Sisi mafundi wa nguo za harusi tunaona mengi. Bi harusi anakuja kujaribu gauni shavu limevimba, anatuambia, "Dada zangu, nisitirini, mama asijue." Gego la mwisho linamtesa miezi, lakini anaogopa kung'olewa.

Tunasema wazi: kuficha si subira. Mwili ni amana, na tiba tumeamrishwa tuitafute.

Gego likiota upande, daktari hupiga picha, huchoma ganzi, huchana fizi, hulitoa, kisha hushona. Ganzi ikishika husikii maumivu, ila kusukumwa tu. Utauma pamba kama nusu saa. Siku ile usisukutue wala usinywe kwa mrija, damu iliyoganda isitoke tunduni. Kesho yake anza maji ya chumvi ya uvuguvugu. Uvimbe hupanda siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi kwa daktari.

Basi nenda mwezi mzima kabla ya singo na hina, si wiki ya harusi. Gauni tunaweza kulipunguza usiku mmoja, shavu hatuwezi.