i7 ya okazioni: juu ya nini inashindwa michezo mipya?

Katika maduka ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, ordinatere za okazioni zinauzishwa na etiketi ndogo yenye kuvuta macho: i5 ao i7. Wauzaji wanasemaka: «Hii ni i7, itapitisha muchezo wowote.» Muzazi anatoa dola, kijana anarudi nyumbani, anaweka muchezo mupya, na mashini inakataa kuufungua ao picha inakwama kila mara. Feza zimekwisha kutoka.

Je, mashini imeharibika? Mara mingi hapana. Inafanya ile kazi ilitengenezewa, ni kusema kazi ya biro. Kilichobadilika ni michezo yenyewe.

Etiketi haisemi yote

Jina i7 lilianza mwaka wa 2008, na Intel imeliweka kwenye prosesere za kila namna. Namba na herufi zinazofwata njo zinasema ukweli. Mufano ni i7-6600U, ambayo ilikuwa ndani ya ordinatere nyingi za kubeba za biro karibu mwaka wa 2016. Iko na viini 2 tu vya kufanya kazi. i5-6600K, ambayo ni ya ordinatere ya mezani, iko na viini 4. Zote mbili ni za kizazi cha 6, lakini ile yenye jina «dogo» ndiyo yenye nguvu zaidi. Herufi U inaonyesha kwamba prosesere ilifanywa ili itumie umeme kidogo na batri idumu.

EA Sports FC 25, muchezo wa mupira uliotoka mwaka wa 2024, unaomba kwa uchache i5-6600K, RAM ya 8 GB, karte grafike GTX 1050 Ti na nafasi ya 100 GB kwenye diski. Ile i7-6600U inaanguka kwenye prosesere, na inaanguka vibaya zaidi kwenye karte grafike. Mashini nyingi za biro haziko na karte ya pekee. Picha inatengenezwa na sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesere.

Hapo ndipo feza zinapotea. Kwenye ordinatere ya kubeba, mara mingi fundi anaweza kuongeza RAM na kubadilisha diski. Lakini sehemu ya picha imefungwa ndani ya mashini. Hata RAM ya 16 GB haitaigeuza. Ordinatere ya mezani yenye sanduku kubwa iko na nafasi ya pili, kwa sababu inaweza kupokea karte nyingine, ikiwa chombo chake cha kugawa umeme kina nguvu ya kutosha.

Mulango unaendelea kufungwa

Zamani, mwenye mashini dhaifu alipunguza ubora wa picha, na muchezo ukaenda. Sasa njia hiyo haifanye kazi kila fasi. Indiana Jones and the Great Circle, wa Desemba 2024, na Doom: The Dark Ages, wa Mei 2025, inaomba karte yenye uwezo wa kupiga hesabu ya namna mwangaza unavyotembea ndani ya picha. Kwa upande wa Nvidia, kiasi cha chini ni RTX 2060 Super, pamoja na RAM ya 16 GB. Karte isiyo na uwezo huo haipunguze tu mwendo; haifae kabisa.

Tena kuna hesabu ya umeme. RTX 2060 Super peke yake inaweza kufikia wati 175. Chaji nzima ya ordinatere ya kubeba ya biro ni karibu wati 65. Kwa nyumba inayotegemea paneli ya jua na batri, tofauti hiyo inamaliza moto wa usiku muzima.

Juu ya nini mambo yatakuwa magumu zaidi

Mambo mawili ya mwaka wa 2025 yanasukuma soko. La kwanza, tarehe 14 Oktoba, Microsoft ilimaliza kusaidia Windows 10. Kwa Intel, Windows 11 inakubali rasmi prosesere kuanzia kizazi cha 8. Kwa hiyo kampuni za ngambo ziko na sababu ya kuondoa mashini za kizazi cha 6 na cha 7, na njia ya kawaida ya mashini hizo ni soko la okazioni.

La pili ni memori. Samsung, SK Hynix na Micron njo watengenezaji wakubwa wa RAM duniani, na vituo vya akili bandia vinanunua kwa wingi. Mwezi wa Desemba, Micron ilitangaza kwamba inaacha Crucial, alama yake ya kuuzishia watu wa kawaida. Bei ya RAM imepanda. Mutu anayesema «nitaongeza kidogo kidogo» sherti apige hesabu upya.

Mbele ya kutoa feza

Dakika tano zinatosha. Mashini iwashwe dukani, mununuzi afinye kitufe cha Windows pamoja na R, aandike dxdiag. Itaonyesha jina kamili la prosesere na RAM. Kwenye ukurasa wa «Affichage» kuna jina la karte grafike. Majina hayo yalinganishwe na kiasi cha chini kinachoombwa na muchezo unaotakiwa, moja kwa moja. Muuzaji anayekataa mashini iwashwe amekwisha kujibu.

Afikirie pia mega. Kwa mwendo wa megabiti 5 kwa sekunde, muchezo wa 100 GB unaomba masaa karibu 44 bila kukatika.

Kwa kijana anayetaka kufungua chumba cha michezo, PS4 ya okazioni inaweza kuwa hesabu nzuri zaidi. Ilitoka mwaka wa 2013, lakini FC 26 ya mwaka wa 2025 ilitengenezwa pia kwa ajili yake. Hapo mutengenezaji wa muchezo ndiye aliupunguza mpaka ukaingia kwenye mashini. Kwa ordinatere, kazi hiyo inaachiwa mununuzi.

i7 ya mwaka wa 2016 ingali na kazi: masomo, maandishi ya biro, na michezo ya zamani kama GTA San Andreas ya mwaka wa 2005. Basi ilipwe bei ya kazi hiyo, si bei ya etiketi.