Nyaya Tatu Zatosha: Tusitupe Visanduku vya Data

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi vijana twaona vyaelea kila siku, lakini ni wangapi kati yetu huuliza vimeundwaje? Kitu kikikwama tunasema, "Hiyo imekwisha," basi. Hapa Moi's Bridge mkulima hatupi jembe eti kwa sababu mpini umevunjika. Huchonga mpini mpya, akarudi shambani. Mbona mashine tunazitupa?

Chukua mfano wa kisanduku cha kuhifadhi data. Ni kidogo, takriban kama kamusi, na hubeba diski moja au mbili. Kikiunganishwa kwa kebo na mtandao wa chumba, kila kompyuta husoma faili zilizomo. Miaka ikipita, kampuni iliyokiunda huacha kutoa marekebisho ya programu yake. Chuma bado kizima, diski nzima, lakini programu imezeeka na ina matundu ya wezi. Nimeviona viwili katika stoo ya saiba moja hapa mjini, vimelaliwa na magunia. Mwenyewe akaniambia, "Kijana, hizo ni takataka." La hasha! Jembe ni zima, mpini ndio uliovunjika.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa vingi vya visanduku hivi vina Linux ndani tangu kiwandani. Huu ni mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka wa 1991, na leseni yake humruhusu kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa. Mwaka wa 2004 kampuni ya Linksys ilitoa kijisanduku kiitwacho NSLU2, chenye kumbukumbu ya megabaiti 32 tu. Wapenzi wa kompyuta walikifungua, wakakiwekea Linux kamili aina ya Debian. Kama kile kidogo kiliweza, hivi vya baadaye vitashindwaje?

Sasa utauliza, tutaingilia wapi na kisanduku hakina kioo wala kibodi? Ukikifungua, mara nyingi utakuta kwenye bodi pini nne hivi zilizopangwa mstari. Huo ndio mlango wa siriali, ambao mafundi hutumia kuzungumza na mashine. Nyaya tatu zatosha: wa ardhi, wa kutuma na wa kupokea. Wa kutuma huku uende kwa wa kupokea kule, kama vile mdomo wa mmoja huelekea sikio la mwenzake. Pini ya umeme iache kabisa. Tumia adapta ya USB ya volti 3.3, kwani mlango wa siriali wa kompyuta kuukuu una volti nyingi zaidi na utaunguza bodi. Weka kasi ya 115200, ambayo ndiyo ya visanduku vingi, kisha washa. Maandishi yatateremka kwenye kioo chako. Programu ya kuamsha mashine, mara nyingi U-Boot, husubiri sekunde chache tu. Bonyeza kibodi kabla hazijaisha, nayo itakutii. Hapo utaiagiza ianze na Linux mpya iliyo kwenye flashi.

Najua baadhi ya walimu wetu wapendwa watahofu kuwa tutaharibu vitu au tutapigwa na umeme. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hivyo data inakiliwe kwanza, kisanduku kichomolewe kabla ya kufunguliwa, na mwalimu awepo. Vile vinavyopokea umeme wa ukutani moja kwa moja ndani yake, mwanafunzi asiviguse. Tena tusiifute U-Boot ovyo, maana ikiharibika mashine hugeuka jiwe. Tuangalie pia aina ya chipu mapema, kwani Debian 13 ya mwaka wa 2025 haina tena programu ya kusakinisha kwa chipu nyingi za zamani za visanduku hivi. Tukichelewa sana, mlango utafungwa.

Wengine watasema, haya yanahusu nini na Chama cha Kiswahili? Yanahusu sana! Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Lugha yetu huingia pale mlango ulipo wazi.

Na sisi wa shule ya kutwa tuna haja kubwa zaidi. Jioni kila mtu hushika njia yake. Mwenye bando nyumbani husoma karatasi za mitihani iliyopita. Asiye nalo hulala. Si haki hata kidogo. Kisanduku kimoja katika maabara chaweza kubeba karatasi hizo, madokezo ya walimu, na hata Wikipedia ya Kiswahili, ambayo programu ya Kiwix huisoma bila intaneti. Saa moja baada ya masomo, mtoto wa tajiri na wa maskini wakasoma sawa, bila senti ya bando.

Maoni yangu basi ni haya: shule iombe kisanduku kimoja kilichotupwa, vyama vya Kompyuta na Kiswahili vipewe alasiri moja kwa wiki, na kila hatua iandikwe kwa Kiswahili ili wanafunzi wapya waikute. Tusingoje kuletewa vipya. Shime wenzangu, tuchonge mpini!