Hasimu wa Baraza na Hasimu wa Simu

Katika mwambao wetu wa kusini, tangu Waa na Tiwi hadi Msambweni na Vanga, mtu hachezi bao na ubao. Hucheza na mtu. Ubao ni mti tu, na kete ni komwe za mwituni. Anayekaliwa mkabala ndiye mchezo wenyewe. Jambo hili kila mzee wa baraza alijua, wala halikuhitaji kuandikwa gazetini. Leo nimeona yafaa kuliandika, maana vijana wetu wa Ukunda na Diani wamekuja na hoja mpya, nayo yastahiki kujibiwa kwa hoja, si kwa makemeo matupu.

Wanasema hivi: kubahatisha mipira ni kamari, hatubishi, na kile kijindege kipaacho ndani ya simu ni kamari, hatubishi. Lakini poka si kamari. Poka ni elimu. Anayewasoma wenzake hushinda, asiyewasoma hushindwa. Basi ina tofauti gani na bao la babu zetu?

Nimeisikiliza hoja hii kwa masikio mawili, ndugu msomaji, na ninakiri kwamba nusu yake ni kweli. Ila nusu hiyo ya kweli ndiyo chambo, na chambo kisipokuwa cha kweli samaki hali.

Natuanze na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Kwanza hunamua, yaani huziingiza kete za mkononi moja moja, na zikisha huingia katika mtaji. Hakuna dadu wala karata iliyofunikwa. Yote yako wazi mbele ya macho. Ungedhani basi kwamba fundi hucheza namna moja na kila mtu. La hasha! Yuko mchezaji anayeikumbatia nyumba yake kama bahili na sanduku, na huyo humshambulia pembeni mpaka abaki na nyumba peke yake. Yuko mwenye pupa ya kula, na huyo humwachia tonge dogo mbele ili aache pengo nyuma. Yuko mwenye subira, na huyo humharakisha. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mafundi wa Unguja akauchunguza ufundi wao, na mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu yake. Wazee wetu hawakushangaa, maana walijua kuwa pale pana elimu.

Washairi nao ni vivyo hivyo. Zama za vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipambana kwa tungo. Mshairi wa kujibizana hamjibu kila mtu kwa ulimi mmoja. Humpima mwenziwe: huyu hukasirika upesi, huyu hupenda mafumbo, huyu akiguswa nasaba hupoteza mizani. Kumjua hasimu wa kila siku ni elimu ya pwani, na mwenye kuidharau hatujui sisi.

Sasa tuitazame poka. Ile wanayoizungumza ni poka ya Texas, na hasa ile ya dau la kiasi. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Katikati ya meza hufunuliwa karata tano: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja. Kuna duru nne za kuweka dau, na dau lina kipimo maalumu. Duru mbili za mwanzo ni dau dogo, mbili za mwisho ni maradufu yake. Kwa kuwa kiasi kimefungwa, tajiri hawezi kumtisha maskini kwa kumwaga fedha zake zote mezani. Faida hupatikana chembe chembe, nayo hutokana na kumjua mtu.

Nitatoa mfano wa hesabu, kwa kuwa vijana hupenda hesabu. Duru ya mwisho, mezani pana shilingi 600, na hasimu wako ameweka dau ambalo lazima ulipe 100 ili karata zifunuliwe. Ukilipa mara saba, ukashindwa mara sita na kushinda mara moja, umetoa 600 na kupata 600. Hukula wala hukuliwa. Basi yote hutegemea nani aliye mbele yako. Ikiwa ni mtu ambaye hathubutu kuweka dau la mwisho bila karata nzito, tupa zako. Ikiwa ni mtu ambaye mara moja katika tatu hujitapa na mkono mtupu, lipa. Karata ni zile zile na fedha ni zile zile. Kilichobadilika ni mtu, na jibu limebadilika. Hapa vijana wamesema kweli, na nani atakayewakatalia?

Kijana mmoja, mpwa wa rafiki yangu wa Ukunda, alinionyesha daftari lake. Ameandika majina ya bandia ya watu anaokutana nao kila usiku katika simu, na mbele ya kila jina tabia yake: huyu hukimbia akiongezewa dau, huyu hakimbii hata akiwa na karata za kutupwa, huyu baada ya kushindwa hucheza kwa hasira muda wa nusu saa. Nilistaajabu. Akili kama ile ingemfaa mfanyabiashara au hakimu.

Nikamwuliza, "Mwanangu, na wao wameandika nini juu yako?"

Akacheka. "Ami, wao hawanijui."

Ndugu msomaji, neno hilo moja ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hawanijui! Katika baraza ya Msambweni hakuna awezaye kulitamka. Pale ninapomsoma fulani, fulani ananisoma mimi. Akibadili mwendo nabadili wangu. Na waliosimama nyuma yetu wanatusoma sote wawili kisha wanatutania. Macho ni sawa kwa sawa. Katika simu macho hayako sawa, na sababu zake ni tatu.

Sababu ya kwanza ni kwamba daftari la yule kijana ni kalamu na karatasi, na mwenzake wa ng'ambo ana programu. Ziko programu zinazoandika kila mkono uliochezwa, zikahesabu mara ngapi mtu huingia, mara ngapi huongeza, mara ngapi hukimbia, na kumwekea mwenye nazo tarakimu kando ya jina la hasimu. Usiku mmoja wa kijana wetu wa Ukunda, akicheza kwa hasira na usingizi, ni ukurasa katika hesabu za mtu asiyemjua. Yeye hulala, hesabu haifutiki.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Januari 2015, Michael Bowling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza katika jarida la Science kwamba programu yao, Cepheus, imeufikia mwisho wa poka hii hii ya dau la kiasi, ya watu wawili. Hawakuifundisha kwa kuisomesha tabia za watu. Waliiacha icheze na nafsi yake kwa zaidi ya miezi miwili katika maelfu ya vichwa vya kompyuta, na kila baada ya mchezo ihesabu majuto yake: ningefanya vingine ningepata ngapi? Kisha iyapunguze majuto hayo mara nyingine. Wahenga wetu walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Mashine ile imewazaa wajukuu wote kabla ya kuoa. Matokeo yake ni kwamba binadamu akicheza nayo umri wake mzima hataweza kuthibitisha kuwa ina upungufu. Bahati ya karata yaweza kumpa usiku mmoja, miaka haimpi.

Tazama basi mambo yalivyogeuka. Elimu yetu ilikuwa kumjua mtu. Mashine hii haina haja ya kukujua. Haibadiliki kwa ajili yako, kwa kuwa huna la kuifanya ibadilike. Haina hasira, haina pupa, haina nyumba ya kukumbatia. Na aambiwaye kwamba huo ni mchezo wa wawili tu, meza ya watu wengi ina ubinadamu, na ajue kuwa mwaka 2019 programu nyingine, Pluribus, iliwashinda mabingwa katika meza ya watu sita, tena ile ya dau lisilo na kikomo. Nyumba za michezo za mtandaoni hupiga marufuku roboti, ni kweli. Lakini hapapigwi marufuku wizi mahali pasipo wezi. Kijana hana njia ya kujua kama lile jina la bandia ni mtu wa Mombasa, mtu wa Manila, au si mtu kabisa.

Sababu ya tatu ni mwenye meza. Baraza haina mwenye meza. Mwenye ubao huuazima, na malipo yake ni kahawa na kashata. Poka ya simu ina mwenyewe, naye hukata fungu lake katika fedha za mezani. Chukua mfano: watu kumi wametia shilingi 1,000 kila mmoja, jumla 10,000, na mwenye meza akate wastani wa shilingi 20 kila mkono. Baada ya mikono 500 amekwisha kukata 10,000, yaani sawa na fedha zote walizokuja nazo. Wakiwa mafundi sawasawa, wote kumi wamepoteza. Ili mmoja wao apate, haitoshi awe hodari kuliko wenzake. Lazima awashinde wenzake na mwenye meza pia. Na huyo mwenye meza hachezi karata, kwa hiyo hasomeki.

Watasema, serikali imeruhusu. Naam, sheria ya mwaka 1966 iliruhusu kamari kwa leseni, na mwaka 2025 ikaja sheria mpya ya kuidhibiti. Lakini leseni si fatwa. Wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu michezo ya kukaa, bao na sataranji zikiwemo. Penye dau ambalo huyu hula cha yule, khitilafu haipo. Na iangalie Kurani ilivyoliweka jambo hili: katika Al-Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba kamari ina manufaa kwa watu; ilisema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na katika Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, sababu zimetajwa: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Mungu na sala. Haikusema kwamba mchezaji ni mjinga. Kwa hiyo hoja ya kuwa poka ni elimu haijibu chochote. Elimu yaweza kuwamo, na madhara yakaishinda.

Tusidhani pia kwamba nyumba hizo za kamari ziko mbali. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mfuko wa mtu umehamia katika simu. Na kamari nayo ikahamia mumo humo, haina mlango wa kuogopa kuonekana ukiingia. Mshahara wa hoteli, nauli za bodaboda, fedha za samaki wa Gazi na Shimoni, karo ya mtoto, vyote viko umbali wa kidole. Na mgodi wa titani wa Kwale ulikomesha uchimbaji mwisho wa mwaka 2024. Vijana waliozoea mshahara wa mwezi wana mikono mitupu na usiku mrefu. Mtu wa namna hiyo huhitaji kuambiwa mara moja tu kwamba akili yake yaweza kuwa kazi.

Nami nasema yaweza. Ila si pale. Enyi wazee wenzangu, tusimtukane kijana mwenye daftari, maana daftari lile ni urithi wetu uliopotea njia. Tumejiuliza kwa nini anatafuta hasimu usiku katika simu? Ni kwa sababu barazani tumebaki wazee watupu, na akija tunamtuma sigara. Naziombe kata zetu, Ukunda, Kinondo, Ramisi na nyinginezo, ziweke mashindano ya bao yasiyo na dau, washindi wapewe jina na heshima mbele ya watu. Walimu wa mashairi waite vijana wajibizane hadharani. Wenye maduka wampe mwenye daftari hesabu za wateja wao, waone kama hatawafaa.

Na wewe kijana, nakuachia ubeti huu. Ni wangu, mbaya au mzuri:

Hasimu usomuona, usikae naye chini,
Weye yeye akuona, yeye weye humuoni,
Salamu hamna tena, wala hamsemezani,
Mchezo huo hapana, ni mtego wa gizani.

Ukitaka hasimu, njoo barazani baada ya Alasiri. Utafungwa, utachekwa, na utarudi nyumbani na fedha zako zote.