KITABU KINACHOSEMA JUU YETU



Kuna kitabu cha zamani juu ya inchi yetu ambacho wasomi wanakigombania hata leo: Heart of Darkness cha Joseph Conrad. Wamoja wanasema kilitutetea, wengine wanasema kilitutukana. Sisi watu wa Kongo tunapaswa kuwa na neno letu.

Conrad, Mpolandi aliyekuwa baharia, alifika Matadi mwaka 1890, wakati mfalme Leopold II aliposhika inchi yetu kama mali yake mwenyewe. Alitembea kwa miguu mpaka Kinshasa, kisha akapanda mto kwa meli ya moshi. Mwaka 1899 hadithi yake ilitoka katika gazeti la Uingereza.

Humo watu wa kazi wamefungwa minyororo shingoni kwenye njia ya reli. Wengine wameletwa kutoka mbali kwa kontra, yote kwa sheria. Wakiugua, wanaachwa wafe chini ya miti. Wakubwa wanasifu ustaarabu mdomoni, na macho yao yanatazama pembe za ndovu. E. D. Morel, aliyepigana na utawala wa Leopold, alikisifu sana kitabu hicho. Na sisi watu wa migodi tunajua maana ya kontra.

Lakini tazameni upande wa pili. Katika kitabu kizima hakuna mtu mweusi hata mmoja mwenye jina. Wanasema kama mara mbili tu, maneno machache ya kuvunjika. Hata jina la Kongo halikuandikwa. Mwaka 1975 Chinua Achebe wa Nigeria alisimama katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akasema wazi kwamba Conrad alikuwa mbaguzi wa rangi. Wengi walikasirika. Sisi tunasema alikuwa na haki kuuliza. Mtu anaweza kukuhurumia unapopigwa, na bado asikuhesabu kuwa mtu kama yeye.

Basi tukichome? Hapana. Shahidi mwenye kasoro anasikilizwa, lakini kesi haikatwi kwa neno lake peke yake. Mashahidi wengine ni sisi. Wazee walituachia habari za mpira, za fimbo na za reli, na habari hizo zinazikwa pamoja nao.

Vijana mnaojua kalamu, kaeni nao jioni. Ulizeni, andikeni, ao wasomeeni wasiojua kusoma yale mliyoandika, wasahihishe. Na msisahau kuandika majina ya watu.