Kupitia kwa Mkuu wa Idara

Barua rasmi katika ofisi zetu ina mstari ambao wanafunzi wengi hawaujui mpaka barua yao irudishwe. Hukaa chini ya anwani ya mkubwa anayeandikiwa, na husema: "Kupitia kwa Mkuu wa Idara." Nimeupiga mstari huo kwa taipureta, kisha kwa kompyuta, miaka yote niliyokuwa katibu muhtasi katika chuo kimoja hapa Unguja. Kwa maombi ya ruhusa au ya kubadilisha kozi sina ugomvi nao. Ila mwanafunzi anayemlalamikia mwalimu wake, au mfanya usafi anayemlalamikia msimamizi wake, barua yake ikipita hapo mara nyingi haivuki.

Nieleze inavyokuwa. Binti wa mwaka wa pili katoka Pemba, anakaa dakhalia. Mwalimu anamwambia karatasi yake ya mtihani haionekani, aje ofisini saa kumi na moja jioni waitafute pamoja, aje peke yake. Anakwenda siku hiyo, anayoyaona yanamtosha, harudi tena. Matokeo ya somo hayatoki. Tayari ana sapu moja, yaani mtihani wa kurudia. Zikiongezeka, atadisko, yaani ataondolewa chuoni, na mkopo wa bodi utakatika. Anakaa usiku anaandika malalamiko, asubuhi anayaleta.

Anayeyasoma kwanza ni mkuu wa idara. Naye alisoma skuli moja na mwalimu yule, wanasali msikiti mmoja, na mke wa huyu ni mtoto wa khalati yake yule. Si lazima awe mtu mbaya. Anaona muhali tu. Anamwita mwenzake pembeni wanazungumza. Kisha anamwita binti: "Mwanangu, haya tuyamalize hapahapa, usije ukaharibu jina lako na la wazee wako." Barua haikugongwa muhuri wa kupokelewa. Haikupata namba ya masjala. Mwezi ukipita ukiitafuta huna pa kuanzia, maana kwa hesabu za ofisi haikupata kuja.

Ndiyo maana mabango ya "Kataa rushwa ya ngono" yaliyobandikwa kwenye korido za vyuo hayanitoshi. Bango linamwambia msichana akatae na aseme. Halimwambii amwambie nani, karatasi itakwenda wapi, na nani atalazimika kumjibu.

Kunyamaza kwetu kuna historia. Nilikuwa kijana Zanzibar ilipopitisha sheria ya 1985 iliyoweza kumfunga hadi miaka 2 mwanamke asiye na mume akipata mimba. Ilibadilishwa mwaka 2005, kifungo kikaondolewa na kuwekwa kazi za jamii. Kwa miaka 20 mama alimfundisha binti yake kwamba likikufika jambo la namna ile, wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe. Kifungo kimeondoka, mafunzo yamebaki majumbani. Mabinti wanaopanda boti leo kuja kusoma Tunguu au Beit el Ras wamelelewa na mama hao.

Na kisiwa ni hikihiki. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilicho Tunguu na Sumait cha Chukwani vyote viko mwendo wa gari moja ya abiria kutoka mjini. Walimu wanahama kutoka chuo hiki kwenda kile, wengine wanafundisha viwili kwa muhula mmoja. Ujamaa huu katika harusi na msiba ni neema. Katika kamati ya uchunguzi ni mtihani mkubwa, kwa sababu hakuna mjumbe asiyekuwa wa mtu.

Serikali yenyewe imeshaelewa kwamba kesi za udhalilishaji zinakufa njiani. Mwaka 2011 ilifunguliwa Mkono kwa Mkono pale Hospitali ya Mnazi Mmoja, ili aliyedhalilishwa apate daktari, polisi na mshauri mahali pamoja, asizungushwe. Mwaka 2021 ikaja mahakama maalumu ya makosa hayo. Hatua zote mbili zilifupisha njia. Lakini binti wetu wa matokeo yaliyoshikwa hana jeraha la kumwonesha daktari. Jeraha lake liko kwenye karatasi ya mtihani, na karatasi hiyo iko kwa aliyemjeruhi.

Wenzetu wameyapitia haya. Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kilipaza sauti, na mwaka 1998 Bara ikapata sheria ya makosa ya kujamiiana. Mwaka 2007 sheria ya rushwa ya Bara ikaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Hata hivyo Novemba 2018, Rais Magufuli alipokuwa anakwenda kufungua maktaba mpya ya chuo hichohicho, mhadhiri wa hapo, Dk. Vicensia Shule, aliandika mtandaoni kwamba rushwa ya ngono imekithiri pale. Tuliomsoma huku tulijiuliza: mhadhiri mzima, mwenye udaktari wa falsafa, aone njia iliyobaki ni kumwambia Rais hadharani? Kama yeye njia za ndani hazikumtosha, mtoto wa mwaka wa kwanza zitamtosha vipi?

Makerere, Uganda, nako kulikuwa na kanuni dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu 2006. Mwaka 2018, baada ya kelele nyingi, iliundwa kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale kuangalia kanuni hizo zinavyofanya kazi. Baadaye chuo kikaandaa orodha ya watu 100 ambamo wanapatikana wajumbe wa kuchunguza malalamiko. Hilo la orodha ndilo ninalotaka tuliige. Vyuo vyetu vitatu vikichanga watu, pamoja na wanasheria wa nje na wazee wanaoheshimika kutoka visiwa vyote viwili, kesi ya Tunguu inaweza kusikilizwa na watu wa Chukwani na Chake Chake. Mjumbe mwenye udugu na yeyote kati ya pande mbili ajitoe, na kujitoa kwake kuandikwe.

Mambo mengine ninayoyataka ni ya kikatibu, na hayahitaji mfadhili. Kuwe na daftari la malalamiko lililo nje ya idara na vitivo, chini ya mtu anayewajibika kwa baraza la chuo. Kila anayeleta lalamiko apewe namba na kikaratasi chenye tarehe na muhuri, palepale. Jibu la kwanza litoke ndani ya siku 14. Na mwanafunzi akishalalamika, karatasi yake isahihishwe na mwalimu mwingine anayeiona namba ya mtihani tu bila jina, mpaka shauri liishe.

Daftari hilo liwe pia la wafanyakazi. Tunapozungumzia usalama vyuoni tunamtaja mwanafunzi peke yake, tunamsahau mwalimu wa muda anayelipwa kwa kipindi, ambaye mkataba wake wa muhula ujao uko mkononi mwa mtu mmoja. Tunamsahau mfanya usafi aliyeajiriwa na kampuni, ambaye chuo kinasema si wake na kampuni inasema tukio halikutokea kwake. Nimewaona wanawake wa namna hii wakija kwenye meza yangu kuuliza kwa sauti ya chini kama kuna fomu. Haikuwapo.

Liwe pia la wenye ulemavu. Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006, na mpya ya 2022. Skuli zetu zinasema elimu mjumuisho. Lakini mwanafunzi wa kiti cha magurudumu akipangiwa somo ghorofani katika majengo ya zamani ya Mji Mkongwe, anabebwa na wenzake, au anabaki chini akingoja kuazima daftari. Naishi Kiponda, nazijua ngazi zetu, na najua kwamba mji uliotiwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 hauvunjwi kuta ovyo. Lakini ratiba si urithi wa dunia. Somo linaweza kushushwa chini kwa kalamu ya mtu mmoja asubuhi moja. Lisiposhushwa, mwanafunzi awe na namba ya lalamiko lake na tarehe ya kujibiwa, sawa na mwenzake wa matokeo yaliyoshikwa.

Najua litakalosemwa: wanafunzi wataligeuza daftari silaha, na aliyefeli atamsingizia mwalimu. Wapo watakaofanya hivyo. Ila mwalimu asiye na kosa leo analindwa na nini? Barua imezimwa, lakini habari yake haikuzimika. Inasemwa barazani Jaws Corner, inasemwa Darajani, na hana karatasi hata moja inayosema alichunguzwa akaonekana hana hatia. Hukumu ya watu wasio ndugu zake, yenye namba na sahihi, ndiyo itakayomsafisha. Uvumi hauna mahali pa kukatiwa rufaa.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali jambo moja la kuanzia, na tarehe ya mahafali itafaa. Siku hiyo husomwa idadi ya wahitimu na ya madaraja ya kwanza. Isomwe na idadi ya malalamiko yaliyopokelewa mwaka huo, yaliyoamuliwa na yaliyobaki, bila jina la mtu. Chuo kitakachotangaza malalamiko 30 nitampeleka mjukuu wangu bila wasiwasi. Kitakachotangaza sifuri, nitataka kwanza kujua barua zake zinapitia kwa nani.