Joka kwenye michongoma

Msomaji mpenzi, lugha yetu ina ufundi wake wa kukuza mambo. Nyumba ikizidi ukubwa huitwa jumba, na nyoka akizidi kimo huitwa joka. Kamera nayo yaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Juma hili tutazame jinsi wewe na wanao mnavyoweza kupiga picha ya joka papa hapa Nakuru, hata kama chombo mlicho nacho ni simu tu.

Kwanza tujiulize, joka la wachoraji lilitoka wapi? Hakuna aliyepata kuliona, lakini kila taifa lina lake. Wachina walilipa pembe za kulungu, magamba ya samaki na kucha za tai. Katika makanisa ya Ethiopia utalikuta ukutani likichomwa mkuki na Mtakatifu Giorgis, aliyepanda farasi mweupe. Wazee wa Kikuyu walisimulia habari za Ndamathia, joka la majini. Waswahili nao wana joka la mdimu, lilindalo matunda lisiyoyala.

Ukichunguza utaona kwamba majoka haya yameungwa kwa viungo vya wanyama wa kweli. Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia aliyefariki mwaka 1519, aliwafundisha wenzake siri hiyo. Alisema ukitaka joka lako liaminike, chukua kichwa cha mbwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu na shingo ya kobe. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, asimulia pia kwamba Leonardo alipata mjusi hai, akambandika mabawa, pembe na ndevu, akamfungia kijisandukuni ili awatishe marafiki zake.

Fundisho la kwanza tulichukue, la pili tuliache. Sisi hatuna haja ya kumbandika mjusi chochote, kwa maana majoka yetu yamekuja na mapambo yao.

Mtazame kinyonga. Katika nyanda zetu za juu, pamoja na pande za Aberdare, yupo kinyonga aitwaye kwa jina la Höhnel, Mwaustria aliyepita nchi hii pamoja na Teleki miaka ya 1887 na 1888. Ni mdogo kuliko rula ya shule, lakini ana kofia ya mfupa kichwani, pembe fupi puani na ndevu za miiba kooni. Ndugu yake, kinyonga wa Jackson, hupatikana pande za Mlima Kenya na Nairobi, na dume lake lina pembe 3 usoni. Mchoraji gani angeongeza nini hapo?

Ukitaka joka la ukubwa wa haki, nenda Ziwa Baringo, yapata kilomita 120 kaskazini mwa Nakuru. Huko utamwona kenge akiota jua, pengine mwenye urefu wa karibu mita 2. Huyu ni wa ukoo mmoja na yule mjusi mkubwa wa Komodo, Indonesia, ambaye dunia nzima humwita joka. Lakini Waswahili walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Baringo kuna mamba wa kweli, kwa hiyo watoto wasisogelee maji.

Sasa tuje kwenye ufundi. Kinyonga hutafutwa usiku kwa tochi, kwa kuwa akilala rangi yake hufifia na kung'aa kati ya majani. Usimguse. Weka alama kwenye tawi, urudi asubuhi jua likichomoza. Utamkuta amejipinda ubavu kuelekea jua, amegeuka mweusi ili apate joto, na bado ni mzito kutembea. Huo ndio wakati wako.

Piga magoti. Lenzi iwe sawa na jicho lake au chini kidogo, anga iwe nyuma yake. Ukimpiga kutoka juu atabaki kuwa mdudu wa majanini. Ukimpiga kutoka chini atakuwa mnyama wa kutisha milima. Jua litoke ubavuni ili kila gamba litupe kivuli chake. Zima taa ya kamera. Jicho likionekana wazi, picha imefaulu. Likiwa na ukungu, futa urudie.

Wapo wapigapicha duniani waliofunga mijusi kwa nyuzi au kuwatia kwenye friji ili watulie wapigwe picha. Picha za namna hiyo husifiwa na wasiojua, na mnyama hulipa gharama. Nasi tukumbuke kuwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila leseni. Kinyonga abaki kwenye tawi lake.

Yako pia mambo mazito zaidi. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba kinyonga ndiye aliyetumwa na Mungu kuleta habari ya uzima, akachelewa njiani, na mauti yakatangulia. Ndiyo sababu watoto bado humrushia mawe, na watu wazima hupita upande wa pili wa njia. Kinyonga hana sumu, wala hamdhuru mtu. Chakula chake ni nzi na panzi. Isitoshe, tangu Nakuru iwe jiji mwezi Desemba 2021, ujenzi umezidi, na kila ua wa michongoma unaong'olewa ili ukuta wa mawe usimame ni makao ya viumbe hawa yanayotoweka.

Hapa ndipo kamera ina kazi kubwa kuliko kupamba sebule. Mtoto aliyekaa nusu saa kifudifudi akingoja jicho la kinyonga ligeuke hatashika jiwe tena. Na mzazi aliyetundika picha hiyo ukutani atafikiri mara mbili kabla ya kukata ua wote; pengine ataacha walau upande mmoja.

Basi jioni ya leo chukueni tochi mkatazame michongoma yenu. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.