Dekonte yako na pikapu ya zamani

Baba akipata dekonte, wa kwanza kupiga hodi ni mutu mwenye kuuzisha Land Cruiser ya zamani. Anafungua kapo, anawasha moteri: «1HZ hii haikufaka!» Ni kweli, moteri hiyo ya mazuti, silinda 6, litri 4,2, bila turbo, ni ngumu, na piese zake zinapatikana. Lakini moteri inabadilishwa. Shasi je? Lala chini ya motokari, pale malame ya nyuma inashikana na shasi, pigapiga na nyundo ndogo. Kutu ikianguka, ao ukiona sudire mpya yenye wamepaka rangi nyeusi, rudisha makuta mu mufuko. Pengine ilibebeshwa tani mbili za malakite, na ilitengenezwa kwa tani moja hivi.

Kama imetoka Zambia, volan iko kuume. Ku njia ya Likasi, ukitaka kupita kamio, mwenye kukaa kushoto ndiye anakuambia «pita». Miye siwezi kumupa mutoto wangu kazi hiyo.

Na wewe mama, uliza mbele makuta haijatoka: nani ameahidi muzigo wa kila juma? Baba akijibu «tutaona», hiyo motokari itakula minerval ya batoto.